Jinsi ya kufasiri jina adimu la mmea katika Kihiti: mti wa eya, hatua kwa hatua

Matambiko ya Wahiti, watu wa kale wa Anatolia (Uturuki ya leo), yamejaa mimea. Kitunguu kinamenywa huku kikisemewa maneno, mti wa miiba unaambiwa sifa zake usoni, na kila kimoja kinatajwa kwa jina kana kwamba msomaji anakijua. Aliyeandika alikuwa anaviona kila siku. Sisi tunaosoma zaidi ya miaka 3,000 baadaye tumebaki na jina tu, na katika tafsiri nyingi jina hilo limeandikiwa "mmea fulani" au, vibaya zaidi, limefungwa kwenye mti mmoja kwa uhakika ambao matini haijautoa.

Mwongozo huu unafuata neno moja kutoka kwenye udongo hadi kwenye kamusi: eya, pia eyan, mti uliosimama mbele ya mungu Telipinu. Utaratibu ni uleule kwa jina lolote la mmea katika Kihiti, na kwa sehemu kubwa unafaa pia kwa Kiluwi na Kipala, lugha ndugu za Anatolia. Mpangilio wa maswali ndio unaobeba kazi yote: kwanza, mmea unafanya nini ndani ya sentensi, pili, ni mimea gani ya nchi ile inayoweza kufanya hivyo, ukoo wa neno uje mwisho kabisa. Anayeanza na ukoo hujikuta anasoma matini kwa jibu alilokwisha kulichagua.

Vitu vya kuwa navyo mezani

Cha kwanza ni picha au mchoro wa kibao cha udongo chenyewe. Vibao vingi vya Kihiti vilitoka Hattuša, mji mkuu wa Wahiti, pale Boğazkale ya leo katika mkoa wa Çorum, Uturuki, tangu uchimbaji wa Hugo Winckler na Theodor Makridi ulioanza mwaka 1906. Vimechapishwa hasa katika mifululizo miwili, KBo na KUB. Ukiona KUB 17.10 iv, soma hivi: mfululizo wa KUB, juzuu ya 17, kibao cha 10, safu ya nne. Namba za CTH (orodha ya matini za Kihiti) ni kitu kingine: zinataja matini, si kibao. Matini moja inaweza kuwa na vipande kumi vilivyotawanyika katika juzuu mbalimbali. Konkodansi ya mtandaoni inayotunzwa na tovuti ya Kihiti ya Mainz inaunganisha namba hizo, na kwa vipande vingi inakupa picha bila malipo.

Kamusi zina mapengo, kwa hiyo jua ipi ina herufi yako. Kamusi kubwa ya Chicago ilianza na herufi L, hivyo kwa eya haikufai. Ile ya asili za maneno ya Jaan Puhvel ilianza kutoka mwaka 1984 kwa A, E na I. Ya Alwin Kloekhorst, iliyotoka Leiden mwaka 2008, inashughulikia maneno ya urithi kwa herufi zote.

Tafuta pia kitabu cha mimea ya Uturuki kilichohaririwa na P. H. Davis, Edinburgh, kuanzia mwaka 1965. Kimeigawa nchi kwa miraba ya nyuzi mbili, A hadi C kutoka kaskazini kwenda kusini na 1 hadi 10 kutoka magharibi kwenda mashariki. Boğazkale iko karibu na mpaka wa A5 na B5. Usipokuwa nacho utaishia kukisia kwa miti ya Ulaya unayoisikia vitabuni.

Hatua ya 1: hakikisha neno lipo

Nakili kila tokeo jinsi lilivyoandikwa, alama kwa alama: e-ya-an, si "eyan". Weka mabano ya mraba pale udongo ulipovunjika. Halafu uwe mkali: tokeo ambalo zaidi ya nusu ya neno limerudishwa na mhariri lisihesabiwe kama ushahidi. Mhariri alilirudisha kwa sababu alitarajia neno hilo hapo. Ukilitumia kuthibitisha maana, unathibitisha matarajio yake.

Waandishi wa Hattuša waliacha nafasi kati ya neno na neno, na hilo ni msaada mkubwa. Kama nafasi inaonekana kabla ya GIŠ (alama ya "mti" inayotangulia neno) na baada ya -an, una neno zima. Kama ukingo wa kibao umekatika hapo, huna.

Andika maumbo yote ya neno pamoja na viambishi tamati. Kwa eya utakutana na eyan, eya, na eyaz. Mwisho -az hubeba maana ya "kutoka kwenye", na utaona sasa hivi kwa nini kiambishi hicho kidogo kina uzito.

Hatua ya 2: soma kitambulisho, lakini usikiamini kupita kiasi

Kitambulisho ni alama inayoonyesha kitu ni cha aina gani. Mbele ya eya husimama alama GIŠ, "mti". Mimea ya majani huweza kutanguliwa na Ú, na mazao ya bustani hufuatwa na SAR, kama katika šuppiwašhar, neno la kitunguu.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu anajua ngeli. Ngeli ya M-/MI- inabeba mwembe na mnazi, lakini inabeba pia msumari na mkeka. GIŠ iko hivyohivyo. Inatangulia miti iliyo hai, na inatangulia vitu vya mbao: GIŠzuppari ni mwenge, GIŠhattalu ni komeo la mlango, GIŠBANŠUR ni meza. Kwa hiyo GIŠeya inaweza kuwa mti uliomea, mti uliokatwa ukasimamishwa, au nguzo iliyochongwa. Fungua safu tatu daftarini na usiifute hata moja mpaka matini ikulazimishe.

Kisha tafuta nakala sambamba: matini ileile katika vibao viwili, mwandishi mmoja akiandika neno kwa silabi na mwenzake akitumia alama-neno ya Kisumeri, yaani alama moja inayosimama kwa neno zima. Ndivyo wiyana- ilivyofungwa na GEŠTIN, divai na mzabibu. Ukipata jozi ya namna hiyo umeokoa miezi. Lakini maana ya alama-neno kule Mesopotamia si lazima iwe maana yake Hattuša. Mfalme Anitta anasema kwamba baada ya kuuteka mji huo alipanda ZÀ.AḪ.LI mahali pake. Babeli alama hiyo ni sahlû, mmea wa kuliwa, kiungo cha chakula. Katika laana ya Anitta ni alama ya ukiwa, na wafasiri wengi huandika "magugu". Mwandishi wa Hattuša alichukua alama ya shuleni akaitwika mmea wa kwao.

Hatua ya 3: kusanya mahali pote, kisha kaa na kila kimoja

Kwa kila tokeo soma aya nzima, kuanzia mstari wa mgawanyo wa juu hadi wa chini uliochorwa kwenye kibao. Mstari mmoja peke yake hautoshi kamwe. Andika tarehe ya matini na tarehe ya kibao kando kando, kwa maana matini ya kale mara nyingi tunayo katika nakala ya karne kadhaa baadaye.

Kwa eya, mahali patatu ndipo penye nyama.

Sheria za Wahiti, kifungu cha 50, kinataja watu wa miji mitakatifu ya Nerik, Arinna na Ziplanta ambao nyumba zao zimesamehewa kazi za lazima. Kinaongeza kwamba kule Arinna, ufikapo mwezi wa 11, nyumba ambayo mlangoni pake eyan inaonekana nayo imesamehewa. Tumepata nini? Eya inaweza kuwa mlangoni pa nyumba. Kuonekana kwake kuna maana ya kisheria. Na kuna mwezi. Wataalamu wengi huanzisha mwaka wa Wahiti katika majira ya machipuko, basi mwezi wa 11 unaangukia baridini, wakati miti mingi ya uwanda ule iko uchi. Huu wa mwisho ni ukisiaji wa msomaji, haumo kwenye kibao. Uandike kwa wino mwingine.

Hadithi ya Telipinu, KUB 17.10, inafika mwisho wake mungu aliyekasirika akiwa amerudi na nchi imepona. Hapo tunasoma kwamba mbele ya Telipinu eya imesimama, na kutoka kwenye eya (ndiyo ile -az) umetundikwa kurša, mfuko wa ngozi ya kondoo. Ndani yake mna mafuta ya kondoo, na baraka za nafaka, mifugo na divai. Kwa hiyo eya husimama wima na ina mahali pa kutundikia mzigo. Kichaka laini hakifai. Mti unafaa, nguzo inafaa.

Cha tatu ndicho ufunguo. KUB 29.1 ni tambiko la kujenga jumba jipya la mfalme. Linasema: kama eya ilivyo ya daima na yenye kustawi, wala haimwagi hurpaštan zake (neno tutakalolifungua katika hatua ya 4), mfalme na malkia nao wawe wenye kustawi vivyo hivyo. Tazama sura ya sentensi: mahhan, "kama", kisha QATAMMA, "vivyo hivyo". Sentensi za namna hii ndizo za kutafutwa kwanza katika kila kazi ya mimea ya Kihiti. Ili mlinganisho ufanye kazi, sifa ya mmea lazima iwe kweli na iwe inajulikana na kila aliyehudhuria. Orodha ya dawa inakuambia mmea ulikuwepo. Mlinganisho unakuambia ulivyo.

Wakati mwingine mlinganisho mmoja unatosha. Mti wa hatalkešna unaambiwa kwamba majira ya machipuko unavaa nyeupe, na wakati wa mavuno unavaa rangi ya damu; ng'ombe akipita chini yako unamng'oa unywele, kondoo akipita unamchomoa sufi. Maua meupe, matunda mekundu, miiba, na urefu wa kupita ng'ombe. Mtu anayeijua mimea ya Anatolia atasema mara moja: Crataegus, jenasi ya miti midogo ya miiba. Karibu wote wanakubaliana. Eya haikupewa ukarimu huo.

Hatua ya 4: fasiri neno la jirani kabla ya neno lako

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Tafsiri za KUB 29.1 kwa kawaida husema eya "haipukutishi majani", na msomaji anaendelea. Lakini hurpaštan ni nini hasa? Ukiichukulia kuwa jani pana, utaiondoa miti yote ya majani ya sindano bila kujua.

Lifuate neno hilo nje. Katika tambiko la mji wa Šamuha, KUB 29.7, kitunguu kinasemwa kuwa kimefungwa ndani ya hurpaštan, na moja haimwachilii mwenzake. Hapo si jani la mti. Ni gamba, lile tabaka jembamba unalolimenya jikoni. Basi hurpaštan ni kitu kinachofunika na kinachoweza kubanduka: jani, gamba, tabaka. Kwa eya "jani" bado ndiyo tafsiri nzuri, lakini umbo la jani limebaki wazi. Pana, jembamba, la magamba, yote yanaruhusiwa.

Kitenzi nacho, išhuwai pamoja na arha: ni kumwaga, kutawanya mbali. Kinafaa kwa vitu vingi vinavyoanguka pamoja. Usikikamue zaidi ya hapo.

Sasa andika sifa, kila moja na chanzo chake: ni ya mti au mbao (GIŠ), husimama (Telipinu), hubeba mfuko (Telipinu), huwekwa au kuonekana mlangoni (Sheria), haimwagi majani, hustawi daima (tambiko la jumba). Sifa sita. Mti wa majani ya msimu umeshatoka kwenye mashindano. Na wazo la nguzo tupu nalo limedhoofika, kwa kuwa nguzo haistawi. Linaweza kubaki tu kama matumizi ya pili ya jina la mti.

Hatua ya 5: ita wagombea kutoka kwenye nchi yenyewe

Orodhesha miti ya Anatolia isiyopukutisha majani: mreteni, msonobari, mberoshi, mwerezi, mialoni michache ya kijani daima, na Taxus baccata, ambao Kiswahili hakina jina lake na hapa tutauita taksasi. Kwa kila mmoja jibu maswali matatu: unaota umbali gani na miji iliyotajwa, Wahiti walikuwa na jina jingine linalojulikana kwa ajili yake, na kuna sababu gani ya kuuheshimu.

Mwerezi unatoka haraka. Ni wa milima ya kusini, na matini huuandika kwa alama-neno yake, ERIN. Mwaloni wa kijani daima una watetezi, baadhi yao wakivutwa na ngozi ya kondoo juu ya mti inayowakumbusha hadithi ya Kigiriki ya ngozi ya dhahabu iliyotundikwa kwenye mwaloni. Ulinganisho huo ni mzuri kwa anayechunguza safari za hadithi, lakini kwa mtaalamu wa mimea hauna uzito: Mgiriki aliyesimulia angeweza kuubadili mti kwa mti wa kwao. Isitoshe, mialoni ya kijani daima ni hasa ya maeneo ya pwani, wakati mialoni ya uwanda wa Hattuša kwa kawaida hupukutika.

Mreteni uko uwandani penyewe, unavumilia baridi na ukame, una majani ya magamba au sindano, na haubadiliki mwaka mzima. Ajabu ni kwamba huzungumziwa kidogo. Taksasi ni wa misitu yenye unyevu, hasa milima ya kaskazini inayoelekea Bahari Nyeusi, upande ilikokuwa Nerik. Huishi miaka mingi mno, mbao zake ni ngumu, na mbegu na majani yake yana sumu. Nyama nyekundu tu inayozunguka mbegu ndiyo haina. Mti wa namna hiyo watu huuheshimu na kuuogopa. Hilo linashawishi, ila tambiko la jumba halikusema neno lolote juu ya sumu wala maisha marefu. Lilisema majani.

Uchimbaji unaweza kusaidia. Makaa ya taksasi hutambulika kwa hadubini: chembe zake ndefu za mbao zina mikanda inayozunguka kama skrubu ndani ya kuta, na hazina mifereji ya utomvu kama msonobari. Ukisoma ripoti ya makaa kutoka mahali pa Wahiti, angalia makaa yalitoka wapi: ya jikoni yanaonyesha kuni, ya hekaluni yanaweza kuonyesha ibada. Na kukosekana kwa makaa si ushahidi, kwani mti mtakatifu huenda haukuchomwa.

Hatua ya 6: ukoo wa neno, kwa tahadhari

Wazo linalojulikana zaidi ni kwamba eya ni taksasi kwa sababu linafanana na majina ya mti huo katika lugha nyingine za familia ya Kihindi-Kizungu: Kijerumani Eibe, Kiayalandi cha kale eó. Wazo zuri. Lijaribu kwa maswali mawili.

Sauti kwanza. Umbo la asili linalopendekezwa kwa Eibe na wenzake lina w: *eiwo-. Kihiti huitunza w katikati ya irabu. "Mpya" ni newa-, na w yake iko palepale ilipo v ya Kilatini novus. Katika eya w haipo. Wanaotetea ulinganisho hulazimika kusema shina la zamani lilikuwa fupi, na w ni nyongeza ya lugha nyingine. Inawezekana, ila kila "inawezekana" ni ngazi moja ya kushuka.

Swali la pili ni maana. Ndugu wale wale wanaodaiwa ni pamoja na Kirusi iva, ambao ni mwerebi, na Kilithuania ieva, aina ya mcheri mwitu. Yote miwili hupukutisha majani. Majina ya miti huhama watu wanapohama: phēgós ya Kigiriki ni mwaloni, lakini fagus ya Kilatini, neno hilohilo, ni mti mwingine kabisa. Kwa hiyo hata ukoo ukithibitika kabisa, haukuambii Mhiti alikuwa anaonyesha mti gani kwa kidole. Kwetu, jina la mwarobaini linakuambia watu waliuthamini kwa maradhi arobaini. Halikuambii una majani gani wala ulitoka wapi.

Kumbuka vilevile kwamba Telipinu ni mungu wa Wahati, waliokuwa pale kabla, na tambiko la jumba limebeba mambo yao mengi. Kihati si lugha ya familia hii. Kabla ya kudai urithi, jiulize kama neno halikuazimwa pamoja na ibada.

Hatua ya 7: kuandika ingizo, na kulitafsiri kwa Kiswahili

Weka ngazi nne za uhakika na uzishikilie. A: mmea unajulikana. B: jenasi inaelekea hivyo, wataalamu wengi wanakubali. C: kundi linajulikana, jenasi haijulikani. D: mti au mmea tu. Hatalkešna ni B iliyo karibu na A. Eya ni C. Etimolojia (ukoo wa neno) peke yake isipandishe neno ngazi.

Katika tafsiri yenyewe, usiandike "taksasi" ndani ya sentensi halafu "labda" chini ya ukurasa. Hakuna anayesoma chini ya ukurasa. Liache neno la Kihiti likiwa zima. Kiswahili kimekwisha kufanya hivyo: Biblia ya Union, katika Isaya 41:19, ina mtidhari na mteashuri, majina mawili ya Kiebrania yenye utata yaliyovishwa kiambishi m- tu, na msomaji anaelewa kwamba ni miti ya nchi ile. Kwa eya njia hiyo inakwama, kwa kuwa m- ikibandikwa tu bila kugeuzwa mw- unapata "meya", na mungu Telipinu atakuwa amesimamiwa na kiongozi wa jiji. Andika "mti wa eya", wingi "miti ya eya". Hatalkešna inaweza kuwa "mhatalkeshna", lakini hapo maana iko karibu kiasi cha kutosha kuandika "mti wa miiba hatalkešna".

Ingizo lako litakuwa hivi:

eya, eyan (GIŠ). Mti usiopukutisha majani, mtakatifu, husimama au husimamishwa mbele ya mungu na mlangoni pa nyumba iliyosamehewa kazi za lazima, hutundikiwa kurša. Ngazi C. Umbo la jani halijathibitishwa (tazama hurpaštan). Wagombea: taksasi, mreteni, mwaloni wa kijani daima. Ukoo na Eibe: unawezekana, w haijaelezwa. Matini: Sheria kifungu cha 50, KUB 17.10 iv, KUB 29.1 iv.

Acha mistari mitatu mitupu chini yake. Kila kipande kipya kinapochapishwa, kitafute kwa maumbo yote matatu, eya, eyan na eyaz, na uanze na vile vyenye mahhan karibu yake.